Shangazi alimnywesha baba maziwa asubuhi ya upasuaji, nami nikamdanganya nesi

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni msomaji tu humu ndani, huwa napita kimya kimya nacheka na stori za watu. Leo nimeona niweke yangu. Yote ni kweli, na ile sehemu ambayo mtu mwenye akili angeificha ndiyo nitaiandika kwa kirefu.

Mimi ni fundi simu hapa Babati mjini, nakaa Nakwa. Nyumbani ni Sigino, ndiko baba anakolima mahindi na mbaazi.

Mzee ana miaka sabini na kitu. Ni mtu wa kanisa, mtaratibu mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Sasa, baba alikuwa na ngiri. Alikuwa nayo miaka mingi na sisi watoto wake hatujui. Kumbe lile koti refu alilokuwa anavaa hata jua likiwaka halikuwa la baridi.

Siku moja akiwa shambani ile ngiri ikatoka na ikagoma kurudi. Akakaa chini kwenye tuta akiwa hawezi hata kuita. Jirani aliyekuwa anapita na ng'ombe ndiye aliyemuona, wakamtafutia bajaji, wakamleta hospitali moja hapa mjini. Jina la hospitali naliacha.

Daktari akafanikiwa kuirudisha. Halafu akaniita pembeni, akaniambia, "Safari hii imerudi. Ikikwama tena utumbo unaweza kuoza ndani, na hapo tutakuwa tunakimbizana na saa. Afanyiwe upasuaji mapema."

Bahati nzuri daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anakuja pale kwa wiki moja. Baba akapangiwa siku ya mwisho, kesho yake bingwa anaondoka. Ukikosa hapo unasubiri mpaka atakaporudi, na hakuna aliyekuwa anajua ni lini, au unapanda kwenda Arusha.

Na mzee alishasema Arusha haendi. Alisema kama ni kufa, Sigino kuna nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo wakuu mnaelewa. Ilikuwa siku ile au tubaki tunaomba Mungu isikwame tena.

Tukalazwa siku moja kabla. Nasema "tukalazwa" kwa sababu na mimi nililala pale pale, kwenye kiti cha plastiki, shingo mpaka leo inageukia upande mmoja.

Nitoe sifa kidogo. Wodi ilikuwa safi, na manesi walikuwa wanaongea na wazee vizuri, shikamoo kwanza ndiyo sindano ifuate. Alikuwepo sista mmoja mrefu, sauti ya upole kabisa, lakini akikuangalia unakumbuka hata dhambi zako za darasa la tatu.

Huyo sista akatueleza kwamba kuanzia saa sita usiku mzee asile wala asinywe chochote, hata maji. Akafunga karatasi kwenye chuma cha kitanda, imeandikwa kwa kalamu nene ASILE, ASINYWE. Akanigeukia mimi, akasema, "Wewe ndiye mlinzi wa huu mdomo."

Nikaitikia kwa mbwembwe. Mdomo mmoja wa mzee mpole, nitashindwaje?

Hapa niwaeleze kitu kwa ambao si wa huku kwetu. Kwetu Wairaqw huendi kumuona mgonjwa mikono mitupu, na ukishafika na chakula, unataka umuone anameza. Mgonjwa akikataa, mgeni anaondoka na moja kati ya mawili kichwani, kwamba unamchukia au kwamba unakufa. Yote mawili yanafika kijijini kabla yake.

Ndiyo maana tarehe ya upasuaji tuliificha, hasa kwa shangazi.

Shangazi, Mama Safari, ni dada mkubwa wa baba, anakaa huko juu upande wa Mbulu. Ndiye aliyemlea baba baada ya bibi kufariki. Kwake yeye, baba bado ni mtoto ambaye hajashiba.

Sijui nani alivujisha. Namshuku mke wangu, ila kwa amani ya nyumba sijawahi kuuliza.

Asubuhi, muda wa kuona wagonjwa umeshafunguliwa, sista akanituma maabara kuchukua majibu ya damu. Nikakuta foleni. Nilikaa huko kama nusu saa hivi.

Narudi wodini, nikaanza kusikia harufu ya vitunguu saumu kabla sijafika mlangoni.

Shangazi ameketi kwenye kiti changu. Alikuwa ameshuka na lori la vitunguu saumu tangu alfajiri. Sweta lake amelitundika kwenye chuma cha kitanda, limefunika ile karatasi yote. Magotini kuna galoni la maziwa mgando. Mkononi ana kikombe, na kikombe ni kitupu.

Baba anafuta sharubu.

Nikamwambia, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona mnamlaza baba yenu na njaa? Tazama, amekunywa vikombe viwili, uso umerudi."

Nilimwangalia baba, baba akaangalia dirisha.

Saa ilikuwa saa moja na dakika chache. Baba alipangwa wa pili, kama saa nne hivi. Hesabu niliyoipiga kichwani si ya afya, ilikuwa ya nafasi. Nikisema, wanamfuta kwenye orodha. Wakimfuta, bingwa anaondoka. Na maziwa ni kitu laini tu, si ugali.

Nikachukua lile galoni nikalisukuma uvunguni. Kikombe nikakisuuza. Shangazi nikampeleka nje akapate chai, nikamwambia mzee anatakiwa apumzike. Yote nikiyafanya kwa tabasamu, kama mwizi mzoefu.

Ilipokaribia saa nne sista akaja na faili. Akauliza, "Mzee hajala wala kunywa kitu tangu usiku?"

Nikajibu kabla baba hajafungua mdomo. "Hajala, sista. Hata maji."

Akaandika.

Baba hakusema neno. Wakamvalisha lile gauni la kijani, wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu, tukasindikizana mpaka kwenye korido ya theatre. Hapo tukasubiri, maana mgonjwa wa kwanza alikuwa bado ndani.

Pembeni yetu alikuwepo kaka mmoja wa Singe ambaye alikuwa wa tatu, yuko na mke wake. Yule mke alikuwa mdadisi, akamuuliza sista, "Hivi kwa nini mnawashindisha njaa? Si wangekula wapate nguvu?"

Sista akamjibu taratibu tu, "Mama, akipewa dawa ya usingizi mwili wote unalegea. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda juu, kikaingia kwenye mapafu. Hawezi kukohoa, hawezi kutuambia. Anaweza kufia pale pale mezani."

Alikuwa anamwambia yule mama. Mimi ndiye niliyetoka jasho.

Nilimwangalia mzee wangu amelala pale, macho kwenye dari, mikono ameikunja kifuani kama anayesubiri sadaka ipite. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mlango ukafunguliwa, wa kwanza akatolewa, muuguzi wa ndani akaita jina la baba.

Wakaanza kumsukuma.

Nikashika kile kitanda kwa mikono miwili. Nikasema, "Sista, nimekudanganya. Amekunywa maziwa."

Wakasimamisha kitanda.

Nilitegemea matusi, au niitiwe mlinzi. Sista akauliza tu, "Saa ngapi?"

"Saa moja."

"Kiasi gani?"

"Vikombe viwili. Maziwa mgando."

"Kuna kingine?"

"Hakuna. Nakuapia."

"Usiape, niambie tu."

Akaingia ndani na faili. Nilisimama pale nikiwa nimeshaanza kupanga namna ya kumshawishi mzee kuhusu Arusha. Baada ya muda akatoka na daktari bingwa mwenyewe, mtu mfupi mchangamfu, barakoa imeshushwa kidevuni. Akamsalimia baba, akanitazama mimi.

"Tunambadilisha. Yule wa Singe aingie sasa. Mzee atakuwa wa mwisho, saa tisa alasiri. Mpaka hapo maziwa yatakuwa yameshuka." Akamgeukia sista, "Lakini kuanzia sasa tone lisipite."

Yule mke wa kaka wa Singe alifurahi kusogezewa zamu mpaka akanishukuru. Nikamwambia asante ziende kwa shangazi.

Sista hakunigombeza. Aliniambia, "Asante kwa kusema." Angenichapa kofi ningeumia kidogo zaidi ya hapo, lakini ningelala vizuri.

Halafu akauliza, "Huyo aliyemnywesha yuko wapi?"

Nikajua sasa kazi imeanza. Tukamrudisha mzee wodini, tukamkuta shangazi ameshika galoni lake tena, sijui alilitoa uvunguni saa ngapi, anawamiminia wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Sista akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kunywa na wewe."

Sista akakaa kitandani karibu naye, akamueleza yote kama alivyomueleza yule mama wa Singe. Shangazi akaweka mikono kichwani. Machozi yakaanza kumtoka. "Ningemuua mdogo wangu," akasema.

Sista akamwambia, "Hujamuua, mama. Ila kijana wako kazi ya ulinzi imemshinda. Naikabidhi kwako. Mpaka saa tisa, huyu mzee asipitishe kitu mdomoni."

Wakuu, nimeona walinzi wa benki. Sijaona mlinzi kama Mama Safari.

Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Muda wa mchana wageni walipofika, mzee wa kanisa aliingia na soda na mkate, shangazi akasimama mlangoni. "Wewe omba tu, baba. Mkate utakula mwenyewe." Na yule mzee akaomba akiwa ameshika soda yake.

Wakaja majirani wa Sigino na ndizi. Zikakamatwa. Muuguzi mwanafunzi alipopita na gilasi ya maji ya mgonjwa mwingine, alihojiwa anapeleka wapi na kwa ruhusa ya nani.

Ikafika hatua mgonjwa wa kitanda cha jirani anafungua hotipoti yake, shangazi akamuuliza, "Na wewe je, umeruhusiwa?" Jamaa alivunjika mguu wiki mbili zilizopita, anakula kila siku. Akafunika hotipoti.

Baba alicheka mpaka sista akaja kumwambia apunguze, ngiri isije ikatoka kabla ya wakati wake.

Saa tisa akaingia. Wakatoka naye salama. Bingwa alituambia ilikuwa kubwa kuliko alivyotegemea, na kwamba mzee ni mvumilivu kupita kiasi, kitu ambacho hakukisema kama sifa.

Hata sista alipotoa ruhusa baba aanze uji, shangazi hakukubali kusikia kutoka kwangu. Alikwenda kuuliza mwenyewe, akarudi, ndipo akampa.

Sasa mzee yuko nyumbani Sigino, kidonda kimefunga vizuri. Shangazi amehamia pale kwa muda. Haruhusu ashike jembe wala ndoo. Mzee ananipigia simu kunilalamikia, kwa sauti ya chini.

Lakini jambo lililonifanya niandike uzi huu ni mazungumzo ya siku ya pili yake, tukiwa wawili tu wodini. Nilimuuliza, "Baba, ulijua huruhusiwi. Kwa nini ulikunywa?"

Akasema, "Dada yangu ameshuka na lori, galoni amelipakata njia nzima. Ningemwambia nini?"

"Haya. Na sista alipouliza, mbona ulinyamaza? Mpaka wanakuingiza ndani umenyamaza."

Akanitazama kama vile swali lenyewe ni la kitoto.

"Wewe ulishasema sijala. Ningekuumbua mbele za watu?"

Nilitoka nje nikaenda bombani nikanawa uso, na nilikaa pale muda. Nililia, sifichi. Mimi nilidanganya nisipoteze nafasi. Yeye alikuwa tayari kupelekwa kwenye ile meza na maziwa tumboni, ili tu mwanawe asionekane mwongo.

Funzo langu ni hilo. Heshima zetu ni nzuri na sitaki ziishe, ila mlangoni kwa theatre ziache nje na viatu. Nesi akiuliza, mwambie alichokula, kiasi na saa. Na ukiwa na mzee mpole, usijibu kwa niaba yake, maana hatakukosoa.

Nawaachia nafasi. Wauguzi mliomo humu, mnafanyaje na watu kama sisi? Na wengine, kwenu mgonjwa anaruhusiwa kukataa chakula cha mgeni, au na ninyi mna Mama Safari wenu? Mnaotaka kunisema kwa ule uongo, semeni tu, nimekaa nasoma.