Ada ya Mweka Hazina

Baba alipofariki nilikuwa katika mwaka wa nne kama mweka hazina wa chama cha wataalamu wa maabara. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasumbua watu wazima wenye digrii watoe ada ya mwezi, ada yenyewe haifiki bei ya kuku. Walinikimbia hata kwenye harusi. "Huyo anakuja, ficheni pochi!" walinitania, nami nacheka, maana ilikuwa kweli.

Kanuni yetu moja tu ndiyo ilikuwa na meno. Mwanachama akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, chama kinampa rambirambi ya maana, ya kutosha jeneza na gari la kubeba mwili. Ila akidaiwa ada zaidi ya miezi miwili, hapati kitu. Mwaka uliotangulia nilimnyima dada mmoja wa huko Mtera aliyefiwa na mwanawe. Alikuwa anadaiwa mitatu. Nilimwambia kwenye simu, "Pole sana dada, lakini katiba ndiyo inasema, si mimi." Akajibu, "Sawa, asante." Nikakata simu, nikaendelea kula.

Basi nimesimama nje ya chumba cha maiti, kaka yangu ananiuliza hela ya chama inaingia lini, nikafungua daftari nilitazame jina langu. Nilikuwa nadaiwa miezi mitano.

Msinicheke. Kila mwisho wa mwezi kuna watu wa "nilipie mweka hazina, nitakurudishia Ijumaa." Niliwalipia ili orodha ipendeze mbele ya kamati. Deni langu nikaliacha la mwisho, si mimi mwenyewe bwana, nitalipa tu. Ijumaa zao hazikufika. Wengine hawajanirudishia mpaka leo, na wana magari!

Nikampigia mwenyekiti. Hata hakufikiri.

"Acha utoto. Kitabu cha risiti si unacho wewe? Rudisha tarehe nyuma, weka hela, yaishe. Nani atakukagua una msiba?"

Alisema kwa huruma kabisa. Ningependa kusema niliwaka, lakini sikuwaka. Sikuwa na hasira wala majonzi; mwili mzima ulikuwa na ganzi kama fizi iliyochomwa sindano ya meno. Kilichonijia ni ile "asante" ya yule dada tu. Nikamwambia mwenyekiti hapana.

Kaka alikuwa ameshawatangazia wazee wa kijijini kwetu Buigiri kwamba chama kinashughulikia kila kitu. Ikabidi apeleke mnadani ng'ombe wawili kati ya wanne wa baba, akauza kwa bei ya mtu mwenye shida. Tulizika siku ya tatu. Wenzangu wa chama walikuja gari zima, wakaimba vizuri, wakala wali, wakaacha kadi ya pole. Shangazi aliipindua bahasha ya kadi akaitikisa. Mimi niligawa maji, na watu wakanisifu kwa kujikaza.

Jioni kaka akanifuata zizini.

"Wote wale ulikuwa unawakusanyia hela, ya kwako ikakushinda?"

"Ilinishinda, kaka."

"Na mwenyekiti wako ameniambia ungeweza kuandika tu."

"Ningeweza."

Alinitazama, akatazama ng'ombe wawili waliobaki, akafunga zizi. Hatukugombana. Ila tangu siku ile ananipigia simu pale tu panapokuwa na jambo.

Nikaingia ndani, nikatoa kitabu cha risiti kwenye mkoba. Nilijiandikia malimbikizo ya miezi mitano, tarehe ya siku ileile ya mazishi, nikasaini kama mlipaji na kama mpokeaji. Kisha nikahesabu hela niliyobaki nayo, nikaitoa yote isipokuwa nauli, nikajilipia na miezi kumi na miwili ya mbele.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu, amenyoosha miguu, anakohoa kile kikohozi chake. Ana miaka themanini na moja.

"Unaandika nini, mwanangu, hata leo?"

"Kazi tu, mama."

Ningemwambiaje kwamba nalipia msiba wake?