Waitikiaji wa Kutengeneza

Studio yangu iko Mwembesongo, chumba kimoja nyuma ya saluni, na nikiwa kazini sipendi kusemeshwa. Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja kutoka milimani, mwimbishaji wa kwaya ya kigangoni kwao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Nikamuuliza wenzake wako wapi.

"Wamenisusa, mwanangu. Eti najiona. Nimesikia una mashine ya kutengeneza waimbaji."

Kisa chenyewe kilikuwa cha harusini. Mvua ilikuwa inanyemelea, yeye akawa na haraka, basi akaanzisha wimbo na kujiitikia mwenyewe hadi mwisho. Kule kwao mwimbishaji anaanzisha, wengine wanaitikia. Ukijiitikia umewaambia wenzako waende zao, nao wakaenda kweli. Sasa alitaka kurekodi wimbo wake, wasikie kwamba hata bila wao anaweza.

Sikumshauri kitu. Ugomvi wa kwaya ukiuingilia utajuta.

Nikamrekodi peke yake. Kisha nikanakili sauti yake mara kadhaa, nakala moja nikaipandisha iwe sauti ya pili, nyingine nikazishusha hadi zikawa nzito za kiume. Ukikosea kidogo tu hapo, mtu anageuka mbu. Nikazichelewesha kidogo kila moja kivyake, maana watu halisi hawaingii pamoja kama gwaride. Kufika mchana nilikuwa na kwaya nzima, na nilijiona fundi hasa.

Nikamvisha hedifoni. Mwanzoni alitabasamu, akawa anatikisa kichwa. Wimbo ulipofika kati akazivua, akaziweka mezani.

"Hawa wote ni mimi?"

"Wote, mama. Hakuna hata mmoja wa kukununia."

Nilidhani atacheka. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nimejiitikia tena," akasema. "Na huu umeshajaa. Nikiwapelekea, wao watakaa wapi? Watoe hao, mwanangu. Paache wazi."

Niliudhika, sifichi. Kazi ya nusu siku, tena nzuri! Lakini ni wimbo wake. Nikafuta sauti moja baada ya nyingine, ikabaki yake tu, anaimba mstari, kisha kimya, anaimba mstari, kisha kimya. Nikamwekea kwenye simu, akashukuru, akaenda kutafuta usafiri wa kupanda mlimani.

Jumapili iliyofuata alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ameupiga wimbo ule nje ya kanisa baada ya misa, wenzake wakiwepo. Mstari wa kwanza ukapita, kimya. Wa pili, kimya, nasikia kuku tu na mtu anaburuta benchi. Nikataka kuzima, nilishindwa kuvumilia. Kwenye wa tatu akaitikia bibi mmoja, sauti ya kizee, imekauka, iko chini kabisa ya pale inapotakiwa. Wengine hawakufungua mdomo. Yule bibi akaendelea kuitikia peke yake mpaka wimbo ukaisha.