Barua ya Tabia Njema

Wiki iliyopita basi lilinipitisha Nechells, mtaa wetu wa zamani huku Ulaya, nikaliona lile jengo letu la ghorofa limezungushiwa mabati, madirisha yamezibwa kwa mbao. Nikahesabu kwenda juu hadi la nne, jikoni kwa mama. Nilikuwa nimepakata mfuko wa mboga kutoka sokoni, nikalia palepale mbele za watu. Usinicheke. Jikoni mle nilimfanyia mama jambo ambalo sijamwambia mtu, na leo nakuambia wewe.

Tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Tulitoka Kenya nikiwa na miaka sita. Mama alilea wazee wa watu katika kituo kimoja ng'ambo ya mji, na akirudi kutoka zamu kitu cha kwanza ni kuvua viatu na kuwasha jiko. Harufu ya chapati zake ilishuka ngazi zote hadi chini, hata lifti mbovu ilinukia. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kukanda unga na kupiga pasi nguo za kanisani, huku nje malori ya maghala yakinguruma kutwa. Jumapili tunapanda basi mpaka Hockley, ambako kanisa letu lilikuwa karakana ya zamani. Baridi ya mle ndani, we acha tu! Wakenya na Wakongo tulishindana kuimba ili tupate joto.

Nilipofika miaka kumi na minne nikaota mapembe. Mama akiniuliza kwa Kiswahili namjibu kwa Kiingereza, tena kile cha puani, mgongo nimempa. Siku moja nikamwambia, "Mum, just leave me alone," nikabamiza mlango. Wee! Mlango nilioubamiza Nechells ulifungukia Kitale, kwa nyanya yangu kule Kenya. Mama alisema samaki mkunje angali mbichi, na jirani yetu, mama mmoja Mkongo, akaunga mkono: "Mutoto anapashwa kujua kwenye anatoka." Wengi wa kanisani walishawapeleka watoto wao vilevile, haikuwa adhabu, yalikuwa malezi. Nikakaa kwa nyanya miaka miwili, nikasoma huko, nikajifunza kumsalimia mtu kabla ya kumwomba kitu. Nikarudi nina miaka kumi na sita, Kiswahili kimenyooka, na mama akanipokea uwanja wa ndege akilia. Namshukuru hadi kesho kwa miaka ile. Hilo nalo linaniuma.

Kolejini nilikazana. Nilitaka kusomea famasia, na chuo kikuu kimoja cha hapahapa mjini kikaniahidi nafasi nikipata alama zake. Mama akaanza kuniita daktari wa dawa mbele ya watu, nami naona haya. Lakini fomu ilikuwa na swali: miaka mitatu iliyopita umeishi wapi? Nikaandika ukweli. Sasa hapa, kama hujui, kuna mwanafunzi wa nyumbani na mwanafunzi wa kutoka nje. Wa nje analipa ada mara mbili tatu ya mwenzake, na mkopo wa serikali hausikii hata kwa harufu. Kwa watu kama sisi hiyo ni kufungiwa lango. Chuo kikaniandikia: ile miaka miwili, ulikuwa umetembea tu au ulikuwa umehamia? Leta ushahidi. Mwalimu wangu akasema nipeleke tiketi ya ndege na maelezo mafupi ya mama kwamba nilitarajiwa kurudi, basi.

Basi? Kwa mama? Kwetu ofisi ikikuuliza ulikuwa wapi, inataka kujua ulikuwa mtu wa namna gani. "Watadhani ulifukuzwa shule," mama alisema. "Lazima waone tabia yako." Akampigia nyanya simu. Nyanya akajifunga kitambaa chake cha kanisani, akaenda kwa mwalimu mkuu, na baada ya wiki mbili barua ikafika, ina mihuri miwili. Kwa mama, karatasi isiyo na muhuri ilikuwa ya kufungia maandazi. Akanisomea akiwa amesimama kando ya jiko. Mwalimu mkuu aliandika kwamba mimi ni mtiifu, ni msafi, naongoza sala. Kisha akasema nimetulia kabisa, si mgeni tena, kwao ndiko nyumbani kwangu, na walitarajia nimalizie masomo yote huko. Mama alirudia mstari huo mara tatu. Ni sifa gani inayoizidi hiyo, mtoto aliyekulia Ulaya kuambiwa ni wa nyumbani? Mimi mwenyewe machozi yalinitoka. Nikaituma kwa mkono wangu, pamoja na tiketi.

Jibu lilikuja kwa barua pepe wiki moja kabla ya matokeo, mama akiwa kazini. Kwa kuwa mwalimu mkuu amethibitisha kwamba nilikuwa nimehamia, nitahesabiwa mwanafunzi wa kutoka nje. Nikapiga simu chuoni. Mama mmoja mpole akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "The letter's very clear, bab," kwa lile neno lao la kumbembeleza mtu. Nikakaa sakafuni bafuni. Haki ya Mungu, sikulilia chuo. Nilililia uso wa mama siku atakapojua kwamba ni yeye, kwa mapenzi yake yote, aliyenifungia lango.

Matokeo yakatoka. Nilipata kila alama waliyotaka, na zaidi. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini, pilau iko jikoni, jirani yetu Mkongo ameshaketi na soda yake. Nikaingia nikasema, "Mama, sikufaulu."

Hakupiga kelele. Laiti angenigombeza! Alizima jiko, akajifuta mikono, akasema, "Ni makosa yangu. Nilikutoa kwa nyanya mapema mno. Ningekuacha miaka miwili zaidi, ungeshika kitabu."

Ningemwambia nini, kwamba kosa si hilo ni lile jingine? Nikaingia kazi ya kulea wazee kama yeye, nikisema mwakani nitajaribu tena, na miaka ikanitoroka. Kila mtoto wa kanisani alipohitimu, mama alimpikia na kucheza kwa furaha, kisha tukifika nyumbani ananiambia, "Nisamehe, mwanangu." Nami namjibu yamepita.

Nyanya alitangulia, na mwaka juzi mama akamfuata. Kanisa limehama Hockley, jengo la Nechells litabomolewa, na sina tena wa kuniuliza kwa Kiswahili kama nimekula. Nilidanganya ili asijilaumu. Akajilaumu vilevile, miaka yote ile, na tukamzika akiwa hajui kwamba mtoto wake alifaulu.