Niliweka meno kwenye bucket ya trekta tukafungua mtaro wa Silanga, sasa sijui niyatoe ama niyaache

Wakuu, niaje.

Mimi ni wa kusoma tu hapa na kupita, lakini hii imenikaa kichwani hadi nikaona niiweke. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Mkimaliza mnisaidie kufikiri, kwa sababu mimi nimechanganyikiwa kabisa.

Kazi yangu ni kuendesha trekta. Si yangu, ni ya Mzee Wafula, mzee wa kwetu huko magharibi anayeishi Kawangware. Ni trekta kuukuu ya shamba yenye loader mbele, ile mikono miwili ya chuma inayobeba bucket, lile beleshi kubwa la kuchotea mchanga. Trekta inalala kwake Kawangware, mimi nalala Lindi, Kibera, na mke wangu na watoto.

Kikundi cha wakaaji wa Silanga, mtaa mwingine wa humo humo Kibera, kilitutafuta tuwafungulie mtaro unaoshuka upande wa dam, lile bwawa la huko chini. Ulikuwa umeziba miaka na mikaka, mvua ikinyesha maji machafu yanaingia kwa nyumba za watu. Wakasema tukifanya vizuri, watatupatia na mtaro wa Lindi. Huo wa Lindi unapita nyuma ya nyumba yangu, kwa hivyo mnaelewa vile nilikuwa naitaka hiyo kazi.

Jumatatu nikaanza. Kando ya mtaro kuna nafasi trekta inapita, ingawa ukipiga chafya vibaya umeingia kwa jikoni ya mtu.

Sasa sikilizeni shida. Bucket yangu mdomo wake ni bapa, hauna jino hata moja. Kwa mchanga ni sawa, kwa kokoto ni sawa. Lakini takataka za mtaro ni nailoni, magunia, nguo na matope, vyote vimeshikana. Bucket ikawa inateleza juu juu, kama mwiko kwenye ukoko. Siku mbili nzima, na kipande nilichomaliza ungekitembea ukihesabu hatua bila kuchoka.

Cha ajabu, watu walinipenda.

Kwa wale hawajafika huko niwaeleze. Wauza maji wa Silanga wana paipu nyeusi za plastiki zinazotoka juu barabarani hadi kwa bomba zao. Nafasi ya kuzipitisha ni wapi, na nyumba zimebanana? Ni humo humo kwa mtaro. Zingine zinaonekana, zingine zimezikwa na uchafu, na hakuna mtu anajua zote ziko wapi.

Mama Achieng ni mmoja wa hao wauza maji. Siku zote mbili alisimama kando, mikono kiunoni, akiangalia kila nikishusha bucket. Hakuona paipu ikikatika. Jumanne jioni akaniletea chai, akaambia wenzake kwamba huyu deree ana mkono wa pole. Wakuu, mimi nilinenepa hapo hapo.

Lakini mkono wa pole haufungui mtaro. Kikundi kikaanza kuuliza kama trekta yetu ni mgonjwa.

Hapo ndipo nikafikiria tooth bar. Ni chuma kirefu chenye meno, unakifunga kwenye mdomo wa bucket ili ichimbe badala ya kuteleza. Nikampigia Mzee Wafula. Akasema hapana, meno yatapinda mdomo wa bucket, na kama iliundwa bila meno, aliyeiunda alikuwa na sababu zake. Odhis, fundi wa kuchomelea pale Kawangware, akasema mzee anaogopa bure, bucket bila meno ni bakuli ya uji. Mke wangu aliuliza neno moja tu.

"Na paipu?"

Nikamwambia nitakuwa naangalia. Ninataka mkumbuke hilo jibu, kwa sababu mimi silisahau.

Jumatano sikuenda Silanga. Maji ya huko huja kwa mgao, si kila siku, na hiyo ndiyo siku yalifunguliwa, watu wakateka. Mimi nilikuwa Kawangware na Odhis. Akakata vyuma vya springi ya lori, akaunda meno saba, akayachomelea kwa bar. Nikamwambia asichomelee bar yenyewe kwa bucket, tuifunge na bolti, ndio Mzee akikasirika niweze kuitoa. Mzee akakubali shingo upande.

Alhamisi nikaingia Silanga na meno yangu.

Niseme ukweli, ilikuwa raha. Meno yanazama, bucket inajaa, inatoka na vitu vya enzi za mababu. Godoro. Mlango. Kabla ya saa tisa maji meusi yalianza kutembea yenyewe kwenda chini na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kikundi akanishika mkono, akasema nijipange na Lindi wiki ijayo.

Nikarudisha trekta Kawangware, nikaanza kuiosha.

Kati ya jino la tatu na la nne kulikuwa na kipande cha paipu nyeusi, kirefu kama kiganja. Kimeraruliwa. Kwa ndani kilikuwa bado kisafi.

Sikuwa nimeona chochote, na hakuna aliyeona. Alhamisi si siku ya maji. Ukikata paipu siku ya maji inaruka juu na kila mtu anapiga kelele. Ukiikata siku kavu inabaki imelala kwa mtaro na mdomo wazi, uchafu unaingia pole pole. Maji yakirudi yanasukuma huo uchafu wote hadi kwa mtungi wa mtu. Na maji yalikuwa yanarudi Ijumaa.

Nilikiweka kwa mfuko. Njiani kwenda nyumbani nikapitia Silanga, nikijiambia nitasema. Mama Achieng alikuwa anafunga kibanda chake. Akanisalimia vizuri, akaniuliza nimeshindaje. Nikasema poa. Nikapita.

Nilikuwa nafikiria mtaro wa Lindi. Nilikuwa nafikiria Mzee akiniambia nilikuonya. Nilijidanganya pia kwamba huenda ni paipu ya zamani iliyotupwa, zimo nyingi huko. Wakuu, niliona aibu hata kula, na bado sikusema.

Asubuhi nikashindwa. Nikaenda mbio.

Foleni ya mitungi ilikuwa tayari imejipanga. Bomba lilikuwa linatoa hewa tu, ile sauti ya maji yakiwa njiani. Nikatoa kile kipande, nikamwonyesha Mama Achieng mbele ya kila mtu, nikamwambia nimekitoa kwa meno yangu jana. Alikiangalia, akaniangalia, akafunga koki. Nyuma yangu foleni ilikuwa inasema mambo ambayo moderator hataniruhusu kuandika.

Tukashuka kwa mtaro, mimi na yeye na akina mama kama sita, tukaanza kuinua paipu kwa mikono moja baada ya nyingine. Ile niliyoikata na meno hatukuchukua muda kuipata. Imetafunwa, jino limeingia hapa na kutokea pale. Haikuwa hata ya Mama Achieng, ilikuwa ya muuza maji jirani yake.

Nikafikiri tumemaliza. Mama Achieng akasema tuendelee kupanda hadi mwanzo, pale nilipofanya Jumatatu na Jumanne na bucket bapa.

Huko tukapata mbili zingine.

Hizi hazikuwa zimeraruliwa. Zilikuwa zimefinywa zikapasuka kwa urefu, mpasuko mwembamba, msafi, kama umekatwa na kisu. Matope yalikuwa yameshakauka juu yake. Moja ilikuwa ya Mama Achieng. Na maji yalikuwa yamepita humo Jumatano, watu wakateka, wakapika, wakanywa.

Mama mmoja, Mama Shantel, akasema mtoto wake anaharisha tangu Jumatano jioni, na alikuwa ameshagombana na mwenye kumuuzia samaki.

Mama Achieng akaniambia hivi, kwa sauti ya chini:

"Hiyo ya meno at least imekuachia ushahidi. Hii ingine ungetumaliza na bado tunakuletea chai."

Sijawahi kuambiwa neno likaniingia hivyo.

Sasa angalieni mahali nimekwama.

Nilimpigia Mzee Wafula nikamweleza yote. Akasema si nilikuambia, toa hayo meno leo. Nikamwambia Mzee, paipu mbili zimekatwa na bucket bila meno. Akasema toa meno. Mwenyekiti naye anasema vilevile, turudi kwa bucket ya kwanza kwa sababu hiyo haikuwa na lawama.

Wauza maji wanasema kinyume. Wanataka meno yabaki, lakini trekta isiwashwe kabla kila mwenye paipu hajaingia kwa mtaro, akainua yake kwa mkono wake, akaiweka pembeni.

Na mimi? Ninaangalia hiyo bar hadi naona mawenge. Bila meno sichimbi, na nikiharibu sijui kama nimeharibu. Nikiwa na meno nachimba, naharibu zaidi, lakini najua. Kuna saa nasema tatizo si chuma, ni mimi. Halafu nasema hapana, chuma pia.

Jumamosi nilienda kwa Mama Shantel. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, amepewa dawa kliniki, macho yameingia ndani kidogo lakini anaongea. Walisema huenda ni maji, huenda si maji. Mama yake hakunigombeza. Alinipa kiti, kisha akanipa maji kwa kikombe.

Nilikishika kile kikombe nikajikuta naangalia ndani. Nilipoinua macho, alikuwa ananiangalia.

"Tumechemsha," akasema.

Nikayanywa yote. Nilitamani anitukane.

Funzo nililopata ni dogo na limechelewa. Kutoona uharibifu si sawa na kutoharibu. Siku mbili nilisifiwa kwa upole ambao haukuwepo, na niliupokea kwa sababu ulikuwa mtamu.

Jumatatu natakiwa Lindi, kwa huo mtaro wa nyuma ya nyumba yangu. Paipu ya maji tunayokunywa sisi inapita humo, na jana nimeutembea mtaro wote na mke wangu tukiitafuta, hatukuiona.

Wakuu, mwenye amewahi kutumia tooth bar mahali kama hapo aseme. Hata wa kunitukana aje, ila akimaliza aniambie: meno ama bila meno?