Kisiwa Tusichokikanyaga

Siku yangu ya kwanza ya kupanga safari, Meneja wa Safari alinikabidhi darubini, daftari na karatasi yenye majina ya ndege. Akaniuliza, "Amina, kati ya hawa unawajua wangapi?"

Nikaisoma karatasi. "Ndege nawajua wengi, bwana. Nisiyoyajua ni majina haya."

Akacheka, akanionyesha meza yangu.

Hiyo ilikuwa Mombasa. Vita vilikuwa vimetutoa kisiwani kwetu Chula, mimi na wazazi wangu, na katika ofisi ile nilianza kwa kufagia. Meneja alinipandisha baada ya kunisikia nikimwigizia mgeni mlio wa kitwitwi, yule ndege mdogo anayekimbiakimbia ufukweni.

Wengi hudhani kupanga safari ya watazama ndege ni kukodi gari na mashua tu. Sivyo. Tulianza na ndege, mgeni akafuata. Ndege huyu anakaa wapi? Anakula nini, saa ngapi? Anataga mwezi gani? Kisha tulitazama maji. Wakati wa bamvua bahari hutoka mbali, ikaacha tope wazi, na ndege wakashuka kula. Wakati wa maji mafu bahari haitoki sana. Mimi niliwahi kupeleka wageni kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, siku ya maji mafu, tukashinda tukitazama mawimbi. Mgeni mmoja aliandika katika orodha yake ya ndege: "Maji, aina moja." Meneja aliibandika karatasi ile ukutani mbele ya meza yangu, akaiacha hapo mwaka mzima. Sikurudia kosa lile.

Hali ilipotulia kiasi nilirudi kwetu, nikaajiriwa Kismayo kuwa Mpangaji Mkuu katika ofisi iliyopokea watafiti na watazama ndege. Nawaambia bila haya: hakuna aliyeijua kazi ile kunishinda. Pande zetu zina ndege ambao mtu hawaoni kwingine. Yupo mnana wa Juba, mto wetu mkubwa, ndege wa manjano, kichwa rangi ya kahawia, anayesuka kiota kando ya mto ule na mito michache ya jirani, basi. Watu walivuka bahari kuja kumtazama yeye tu. Mimi nilipanga siku mbili za mtoni na mbili za visiwani, nikatafuta vibali na askari wa kusindikiza, na nikapeleka salamu kwa wazee wa kila kisiwa kabla mashua haijang'oa nanga. Kisiwa kina wenyewe. Huingii bila hodi.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya, kijana msomi, mwenye haraka. Alipokea wageni wanane waliomtaka ndege mla kaa. Huyu ni mweupe na mweusi, mdomo mnene, na hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo analochimba mchangani. Karibu na kisiwa cha Darakasi kipo kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, na msimu ule kilikuwa kimejaa makinda. Mkurugenzi aliwaahidi wageni kwamba watashuka kupiga picha. Mimi hakuniuliza.

"Mama, ni nusu saa tu," aliniambia. "Wapige picha, waondoke."

"Mkurugenzi, kisiwa kile chini ni mashimo matupu. Ukikanyaga, mchanga unaangukia kinda."

"Watatembea polepole."

"Hata wakitambaa. Mchanga utabomoka tu."

Akakunja uso. "Mama, hapa mkubwa ni nani?"

"Ni wewe. Lakini safari hiyo siipangi."

Akaniambia nikabidhi funguo za ofisi. Nilizikabidhi, nikaenda nyumbani kwa miguu. Kazi ile niliipenda, na kwa umri wangu sikujua ni nani angenipa nyingine.

Asubuhi alinipigia simu mwenyewe. Kumbe alikuwa amemwendea Nahodha Athmani, Mbajuni wa kisiwa cha Ngumi aliyekuwa akituchukulia wageni, na Athmani alikuwa amemjibu kwa lafudhi ya kwetu, "Amina ni mchu wetu. Akisema kisiwa kitaumia, kitaumia. Mashua yangu haiendi."

"Wageni wako hotelini wananisubiri," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini. "Niwaambie nini?"

"Waambie watamwona. Ila kushuka hawashuki. Na wewe uje."

Ilikuwa siku ya bamvua. Tulitia nanga ukingoni mwa mkondo, mkabala wa kisiwa, kabla maji hayajaanza kutoka. Athmani akazima injini. Nikawaomba wageni wanyamaze. Tope lilipoanza kuonekana, ndege wakaja, kwanza watatu, kisha kundi zima, wakatua mbele yetu. Walikimbia, wakasimama, wakadona. Kila aliyepata kaa aliruka naye kurudi kisiwani.

Nilimpa Mkurugenzi darubini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mama, yule anampelekea mwanawe?"

"Anampelekea. Kinda yuko shimoni, anamngoja."

Tulirudi bandarini. Hapo akanirudishia funguo mbele ya wageni wote, akasema, "Nisamehe, mama. Nilikukosea." Wiki ile aliandika agizo kwamba msimu wa makinda mtu yeyote wa ofisi yetu asishuke kisiwani. Ndege wale wanazaa pale mpaka leo, na mimi nikiwa na fahari yoyote duniani, ni hiyo.

Sasa nimestaafu. Mwezi uliofuata baada ya kuagwa, nilijipangia safari moja yangu mwenyewe, bila mgeni hata mmoja, mpaka kwenye msitu wa kando ya mto. Miaka yote ile, ndege alipotokea, mimi nilikuwa nikitazama uso wa mgeni nijue kama amemwona. Siku ile shorobo, ndege wa kijani wa msituni, aliruka juu yangu akakunjua mabawa yake mekundu, na sikuwa na uso wa mtu mwingine wa kutazama. Nikainua kichwa, nikamtazama mwenyewe, mpaka akapotea kwenye majani.