Beringi Iliyolia Siku Tatu

Mashine mbovu haikuvizii, inasema mapema. Kazi yangu ilikuwa kuisikiliza, kwenye kiwanda kidogo cha sembe pale Lizaboni. Naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini naukandamiza sikioni, beringi inanieleza hali yake. Mafundi wakubwa walinionea wivu kwa masikio haya, nami nikavimba kichwa. Kwa nini nisivimbe?

Wiki ile beringi ilianza kulia. Siku ya kwanza kidogo tu, kama mtoto anayeota. Siku ya pili nikamfuata bosi.

"Beringi inakufa hii. Tuzime, tubadilishe."

"Inavumilia," akajibu bila kuinua uso. "Mahindi ya Namtumbo yamejaa hadi mlangoni. Tumalize mzigo kwanza."

Nilitoka pale nikiwa nachemka. Mama yangu alizoea kusema hasira zangu hufika kabla ya akili, na hakunisingizia.

Siku ya tatu asubuhi nilifungua kava, lile bati linalofunika mkanda na shafti, chuma kinachozunguka na kuisukuma mashine. Bati likitetemeka hupiga kelele, na beringi haisikiki vizuri. Mafundi wote niliowajua walifanya hivyo, ila kwa sharti moja: ukimaliza, rudisha. Mimi sikurudisha. Acha likae wazi, nilisema moyoni, bosi akipita aone mwenyewe shafti inavyoyumba! Nikaliegemeza ukutani, nikaenda stoo kuchukua grisi.

Mlangoni nikapishana na dada aliyekuwa akikinga unga, aliyenizidi umri, mtani wangu mkubwa. Alikuwa ametoka moja kwa moja msibani kwa shangazi yake, kanga ya pili ikining'inia mabegani. Kiwandani kwetu nguo ya kuning'inia ilikuwa mwiko. Lakini nani amvue mfiwa kanga yake?

"Pole na msiba, dada."

"Asante, mdogo wangu. Mbona umenuna? Umekula pilipili?"

Nikacheka, nikampisha aingie. Kava sikulitaja. Nilijua liko wazi, Mungu wangu, nilijua!

Nikiwa stoo nikasikia mlio wa mkanda umekuwa mzito. Nilielewa kabla dada hajapiga ukelele. Nilikimbia, nikapiga swichi. Alikuwa ameinama kuokota gunia, shafti ikamvuta kanga, na kanga ikamvuta mkono. Hospitalini waliukata siku ile ile, juu ya kiwiko.

Bosi aliuliza kava limefunguliwa na nani. Nikasema limedondoka lenyewe kwa mtetemo. Aliligeukia bati, bado limeegemezwa ukutani. Beringi mbovu ilikuwa dhambi yake, kava lilikuwa dhambi yangu, basi akanyamaza na mimi nikanyamaza.

Siku hizi yule dada anauza vitumbua nje ya nyumba yake. Kila nikipita hapo ananiita kwa sauti na kuwaambia wateja, "Mnamwona huyu? Angechelewa kuzima, mngeshanizika!" Kisha ananifungia vitumbua vinne kwenye mfuko, fundo analikaza kwa meno, na hataki kabisa nimsaidie.

"Ni Mungu tu, dada," namwambia, na vitumbua navipokea.