Mota ya Juu na Mimbari ya Lulindi

Kipupwe kikifika Newala, ukungu huingia karakanani kabla yetu. Msimu ule mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulikuwa na tabia ambayo fundi yeyote angetugombeza. Tulikuwa na mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ile wanayoiita CNC. Kabla hata ya chai tuliiwasha, tukaiacha ichonge kidogo, kisha tukaenda kupasha mikono joto kwenye mota zake. Moja huipeleka kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, na ya tatu, iliyo juu kabisa, hupandisha na kushusha kichwa chenye kisu. Zilikuwa na joto zuri, la kikombe cha uji.

Asubuhi moja wifi akatangulia, akaikumbatia ile ya juu kwa viganja vyote viwili.

"Mamaa!"

Aliruka kinyumenyume, akanipiga kikumbo, nikaangukia gunia la maranda miguu juu.

"Wifi, umeungua?"

"Nimeungua! Lakini cheka tu, maana na mimi nacheka."

Tulicheka mpaka maranda yakaniingia mdomoni. Nilipoinuka nikanusa harufu ya rangi inayoungua, nikaizima mashine.

Kwa kweli halikuwa jambo la kuchekea. Mezani palikuwa na ubao wa mninga, uso wa mimbari ya kanisa moja huko Lulindi: mizabibu imejisokota pembeni, na katikati, kwa ombi la akina mama wa kanisa, matawi ya mkorosho yenye mabibo yake. Jumapili ya kuiweka wakfu ilishatangazwa. Mume wangu alikuwa Makote akipulizia mikorosho salfa, na kule simu hupatikana ukipanda juu ya kichuguu. Tulikuwa wawili tu, mimi na huyu mwanamke ambaye ukimwonyesha kidole anacheka.

"Shika wewe sasa," akaniambia, akipuliza viganja. "Ninyi wa Masasi mmezoea joto."

Sikushika. Nilikwenda ndani nikaleta kipande cha mshumaa. Nilikata vipande vidogo, nikabandika kimoja juu ya kila mota, nikauondoa ubao wa kanisa, nikaweka kipande cha mwembe cha kujaribia. Tukaiwasha mashine, tukakaa juu ya magogo kama watu wanaotazama mpira. Mshumaa wa kushoto na kulia ulitulia. Wa mbele na nyuma ukatulia. Wa juu ukaanza kung'aa, ukalegea, ukatiririka.

"Goli!" wifi akapiga kelele.

Wazo la kwanza lilikuwa lake: feni. Sisi hatukuwa nayo, nani ananunua feni Newala? Tukaenda kwa jirani yetu muuza maandazi, mama mtu mzima aliyekuwa amejifunga vitenge viwili na kuvaa sweta juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu."

"Mama, tunaomba utuazime feni."

Alitutazama usoni mmoja mmoja. "Feni? Kipupwe hiki? Mna homa?"

"Si yetu, mama. Ni ya mashine."

"Mashine ndiyo ina homa?"

"Ndiyo, mama," wifi akajibu kwa adabu zote, na hapo nikalazimika kugeuka kutazama ukuta.

Feni alitupa. Tuliielekeza kwenye mota ya juu, sisi tukitetemeka nyuma yake, na kwa muda nikadhani tumeshinda. Mshumaa mpya ulikaa. Kumbe kile kipande cha mwembe kilikuwa kinaharibika kimyakimya. Mota ilikuwa imechoka; kila ilipotakiwa kupandisha kichwa ilikifikisha pungufu, kisu kikazidi kuzama. Nilipopangusa vumbi, kichala cha zabibu kilikuwa kimeshuka, kimevimba, na kimeota chuchu.

Wifi aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Hiki," akasema, "ni kiwele cha mbuzi."

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, naye akasema tuwapelekee hivyohivyo, akina mama wa Lulindi watapata na maziwa.

Tulipochoka kucheka ndipo akili ikarudi. Nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni: kama mota inapata moto, itenganishe kwanza na kazi yake, uione ikiwa peke yake. Tulizima umeme. Wifi akakiegemeza kichwa cha mashine kwa kigingi kisije kikadondoka, mimi nikalegeza kiungo kinachoifunga mota na ile skrubu ndefu inayokipandisha. Tukaiwasha mota izunguke bure. Ilizunguka, ikazunguka. Mshumaa ukakaa palepale, mgumu.

"Masikini," wifi akasema, akiipapasa. "Tumekusingizia."

Basi tatizo lilikuwa kwenye mzigo. Nikazima tena, nikamwambia aondoe kigingi, ashike skrubu kwa mkono, akishushe kichwa. Kilishuka vizuri. "Sasa kipandishe." Akakaza meno. Shingo ikamvimba.

"Wifi, hii ni kama kuvuta ndoo kwenye kisima kirefu!"

Tulitazama kichwa cha mashine, kisha tukatazamana. Kulikuwa na kofia ya kuzuia vumbi ambayo tuliifunga wenyewe wiki hiyohiyo baada ya kukohoa sana. Tuliikata kutoka kwenye pipa la chuma, tukachomelewa na fundi, tukaipaka rangi ya buluu, tukajipongeza kwa soda. Yote ilining'inia kwenye kichwa. Kwenda kushoto na kulia inabebwa na reli, haina shida. Lakini kupanda, mota ya juu iliinua pipa, na hata kichwa kikisimama iliendelea kulishikilia, kutwa nzima, bila kupumzika.

"Tumemtwisha pipa," nikasema.

"Na tukampepea!" akasema wifi, na hapo sote wawili tukawa hatufai tena.

Tulilifungua pipa, nikakata dumu tupu la mafuta ya kula likawa kofia mpya. Skrubu bado ilikwama mahali fulani, kwa hiyo tukaichunguza vizuri. Grisi ilikuwa imeshikana na unga wa mninga, imekuwa kama ugali wa jana. Tuliisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, tukaikausha, tukaitia mafuta mepesi. Safari hii wifi alikipandisha kichwa kwa kidole kimoja, huku mkono mwingine uko kiunoni na mabega yanacheza.

Tukafunga kila kitu, tukabandika mshumaa wa mwisho, tukaiwasha mashine. Ulilainika kidogo, haukutiririka. Nikaweka kiganja: joto la kikombe cha uji. Tulishikana mikono tukaruka humo ndani kama wasichana, na muuza maandazi alipochungulia kuulizia mgonjwa wake, tukamvuta naye, akaruka na sweta lake. Umeme ukakatika. Tukaendelea kuruka.

Ulirudi mchana, na uso wa mimbari tukaumaliza siku iliyofuata, mabibo yamejaa, zabibu zimekaa kama zabibu. Tuliuteremsha Lulindi kwa pikapu, tumeuzungushia blanketi letu la kitandani. Akina mama walitupokea kwa vigelegele, wakaupitisha ubao mkono kwa mkono. Mmoja alifuata mzabibu kwa kidole kuanzia chini hadi juu, taratibu, akauliza nani amechonga.

"Mashine, na sisi," nikasema.

"Basi Mungu awape nguvu ninyi na mashine yenu."

Tukaufunga ubao mbele ya mimbari, tukala ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Kisha padri akapanda mimbarini kujaribu kama imeshika. Mimi na wifi tulikaa benchi la mbele. Aligonga ubao kwa ngumi, akasikiliza, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, akizitazama zabibu.

Wifi akanifinya paja. Niliuma ncha ya kitenge, nikakaza macho darini, na nikasikia benchi zima likianza kutikisika.